Bili ya Maji Imepanda, Tumuulize Nani? Majibu kwa Wasomaji wa Tabora

Barua kuhusu maji zimekuwa nyingi kuliko barua kuhusu jambo lingine lolote tulilopokea tangu toleo lililopita, na nyingi kati yake zimetoka Tabora mjini na wilaya zake. Zote zinalia na jambo moja, kwamba bili inapanda na anayeilipa haelewi imepandaje. Tumechagua saba, tumezifupisha bila kugeuza maana, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mama lishe. Kwa miaka mitatu bili yangu haikuzidi uniti nane kwa mwezi. Miezi miwili iliyopita zikaja uniti kumi na tisa, na mwezi uliofuata zikaja kumi na tisa tena. Sijaongeza meza wala wateja. Msoma mita nilipomuuliza alinijibu kwamba maji yamepanda bei. Je, bei ikipanda na uniti nazo hupanda?
*Mama lishe, Ng'ambo*

Mama yangu, umeuliza swali ambalo msoma mita alipaswa kukujibu vizuri zaidi. Bei na uniti ni vitu viwili tofauti. Bei ni fedha unayotozwa kwa kila uniti, na uniti ni kiasi cha maji yaliyopita kwenye mita yako. Ingekuwa bei peke yake ndiyo iliyopanda, ungeona uniti nane zile zile zikiwa na fedha nyingi zaidi. Wewe umeona uniti zenyewe zikiruka kutoka nane hadi kumi na tisa, kwa hiyo hata bei ingebaki pale pale ilipokuwa, bili yako ingepanda zaidi ya mara mbili. Tatizo lako halipo kwenye bei, au angalau halikuanzia hapo.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Uniti kumi na moja zilizoongezeka ni ndoo 550 kwa mwezi, sawa na ndoo kumi na nane hivi kila siku. Hakuna mama lishe anayeweza kumwaga ndoo kumi na nane kwa siku bila kujua, lakini bomba linaweza. Bomba linalovuja kiasi cha kikombe kimoja cha robo lita kwa dakika hupoteza lita 360 kwa siku, na kwa siku thelathini hupoteza lita 10,800. Hizo ni karibu uniti kumi na moja kamili. Ndiyo maana ninashuku mvujo kabla ya kushuku jambo lingine.

Fanya hivi. Usiku, wateja wakishaondoka na vyombo vikishaoshwa, funga koki zote za nyumbani na za genge, kisha mulika mita kwa tochi. Utaona tarakimu nyeusi, ambazo ndizo uniti, na tarakimu nyekundu, ambazo ni sehemu za uniti. Kando yake kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikiwa kinazunguka na koki zote zimefungwa, maji yanatoka mahali usipopaona. Kikiwa kimetulia, andika tarakimu zote, nyekundu zikiwemo, ulale, na uzisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kufungua maji, kwa sababu mvujo mdogo sana hauonekani kwa dakika moja.

Mimi mwenyewe nililipa bili za namna hiyo kwa miezi minne kabla ya kujaribu. Nilichimbua nusu ya ua nikitafuta bomba lililopasuka, kumbe maji yalikuwa yanapita kimya kimya ndani ya choo cha kuvuta, kutoka kwenye tangi kwenda bakulini, kwa sababu mpira wa valvu ulikuwa umelika. Fundi alinionyesha njia rahisi, nayo ni kutia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi na kusubiri robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, valvu haizibi. Mpira ule ulinigharimu fedha ndogo kuliko bili ya wiki moja.

Kama mvujo haupo, linganisha namba iliyoandikwa kwenye bili na namba iliyo kwenye mita. Bili ikiwa na namba kubwa kuliko ya mita, basi umekadiriwa au umesomwa vibaya, na una haki ya kudai isahihishwe. Siku hizi mamlaka za maji zenyewe zinahimiza usomaji shirikishi, yaani msoma mita asome mbele ya mteja na wote wawili waridhike na namba. Usimwache asome peke yake ukiwa jikoni. Namba zikilingana na bado huna mvujo, omba kwa maandishi mita ipimwe. Wakala wa Vipimo (WMA) ndio wenye jukumu la kisheria la kuhakiki vipimo vinavyotumika katika biashara, na mita ya maji ni kipimo kama ilivyo mizani ya sokoni.

Ndugu Mhariri, nilianza kazi ya reli hapa Tabora mwaka 1974. Wakati huo tulichota maji kilulani, yaani kwenye bomba la umma, bila kulipa hata senti. Tulipoletewa maji ya Ziwa Victoria tulishangilia, lakini tangu yafike nalipa zaidi kuliko nilivyolipa wakati wa maji ya bwawa. Maji ni ya Mungu. Yanauzwaje, na kwa nini bei yake haishuki kamwe?
*Mstaafu wa reli, Cheyo*

Shikamoo mzee wangu. Kumbukumbu yako ni sahihi. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991, na gharama zilibebwa na Serikali. Lilikuwa kusudio jema, na siwezi kulisema vibaya. Ila wewe uliyekuwa reli unajua kilichofuata: dizeli ikaadimika, vipuri vikakosekana, na mashine nyingi za kusukuma maji zikabaki zimefungiwa vibandani huku akina mama wakirudi visimani. Sera ya Maji ya mwaka 1991, na baadaye ya mwaka 2002, zikaleta utaratibu wa mtumiaji kuchangia gharama, na huo ndio tulio nao.

Maji ni ya Mungu, lakini safari yake hadi Cheyo ni ya wanadamu na inalipiwa. Maji unayokunywa leo yamevutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa huko na kusukumwa kupita nchi ya Shinyanga na Nzega, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200, wala njiani si tambarare. Maji hayapandi mlima kwa hiari yake, na pampu zinazoyapandisha hula umeme usiku na mchana. Bwawa la Igombe na lile la Kazima yako jirani, kwa hiyo kuyaleta maji yake mjini kulikuwa rahisi zaidi, ingawa maji ya bwawa wakati wa masika huja na tope na kuhitaji shabu nyingi ya kuyatuliza, na mwaka wa ukame bwawa husinyaa na mji mzima ukapanga foleni. Hilo nalo unalikumbuka.

Kuna jambo ambalo wateja wengi hawajaelezwa. Maji ya Ziwa Victoria huletwa na mamlaka nyingine, KASHWASA, ambayo mradi wake wa Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009, na kisha mtandao ukapanuliwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India. KASHWASA huuza maji kwa jumla, na mamlaka ya mji huyanunua na kuyauza kwa rejareja. Ndani ya bili yako, mzee wangu, mna bili nyingine. Bei ya jumla ikipanda, ya rejareja hufuata.

Hayo yanaeleza gharama, lakini hayahalalishi kila ongezeko, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji watulie. Tuseme mamlaka imenunua uniti 100 kwa Shilingi 1,000 kila moja, jumla Shilingi 100,000. Zikifika zote kwa wateja, kila uniti inabeba Shilingi 1,000 ya ununuzi. Zikipotea 20 njiani, zile 80 zinabeba Shilingi 1,250 kila moja. Zikipotea 30, zile 70 zinabeba takribani Shilingi 1,429. Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu yenyewe ni ya kweli kila mahali: maji yaliyopotea hulipiwa na yaliyofika. Anayelipa ni wewe, si bomba lililopasuka wala aliyejiunganishia kwa wizi. Taarifa za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji, za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba nchini mwetu upotevu wa maji umekuwa theluthi moja na zaidi, na hilo ni jambo la kuumiza katika nchi ambayo bado kuna watoto wanaobeba ndoo kabla ya kwenda shule.

Mwezi uliopita nilipita mtaa mmoja wa mchanga mjini kwenu. Chini ya mwembe bomba lilikuwa limepasuka na maji yalibubujika kwa nguvu mpaka yamechimba kishimo, watoto wakioga humo na bata wakinywa. Mwenye duka la jirani aliniambia kwamba ilikuwa siku ya tano tangu walipotoa taarifa kwa simu. Maji yale yalikuwa yamesafiri kutoka Ihelele, yamesafishwa, yamewekewa dawa na kulipiwa umeme, kisha yakaishia kwenye mchanga mbele ya macho ya watu walioambiwa kwamba bei lazima ipande. Kwa maoni yangu, ombi lolote la kupandisha bei lianze kujibu swali la upotevu kabla ya jingine lolote.

Sisi ni wapangaji wanne katika nyumba moja yenye mita moja. Baba mwenye nyumba anagawa bili sawa kwa sawa kwa vyumba vinne. Mimi naishi peke yangu, jirani yangu ana watoto watano. Tena anasema maji yetu ni ghali kwa sababu tunatumia sana. Hii ni haki?
*Mpangaji, Isevya*

Ndugu mpangaji, una malalamiko mawili katika barua moja, na la pili ni kubwa kuliko unavyodhani.

La kwanza ni la ndani ya nyumba na linamalizwa kwa mazungumzo. Kugawa kwa vichwa kuna haki zaidi kuliko kugawa kwa vyumba, na iliyo bora kuliko zote ni kila mpangaji kuwa na mita yake ndogo ya ndani, ambayo fundi anaweza kuifunga baada ya mita kuu. Kwa vyovyote vile, baba mwenye nyumba aibandike bili ya kila mwezi mahali ambapo wote mtaiona. Asiyetaka bili ionekane huenda anakusanya zaidi ya anacholipa, ingawa sitaki kumshuku mtu nisiyemfahamu.

La pili linahusu muundo wa bei. Pale ambapo bei imepangwa kwa madaraja, uniti za mwanzo huwa nafuu ili kumlinda mtu wa kipato cha chini, na zinazofuata huwa ghali ili kumzuia mwenye kufuja. Sasa chukua mfano kwamba uniti tano za mwanzo ni Shilingi 1,500 kila moja na zinazozidi hapo ni Shilingi 2,000. Kila mmoja wenu akitumia uniti nne kwa mita yake, atalipa Shilingi 6,000, na wote wanne Shilingi 24,000. Lakini kwa kuwa mna mita moja, uniti zenu kumi na sita zinahesabiwa kama za familia moja yenye kufuja: tano zinalipiwa Shilingi 7,500 na kumi na moja zinalipiwa Shilingi 22,000, jumla Shilingi 29,500. Mmetozwa Shilingi 5,500 zaidi, si kwa sababu mmetumia maji mengi bali kwa sababu mko wengi. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini imempita maskini na kumfikia mwenye nyumba yake peke yake.

Hata hivyo, msikimbilie kuacha bomba na kununua kwa mkokoteni. Ndoo ikiuzwa Shilingi 100, uniti nzima inakuwa Shilingi 5,000, na dumu la mkokoteni likiwa Shilingi 200, uniti inafika Shilingi 10,000. Asiye na bomba ndiye anayenunua maji kwa bei ya juu kuliko wote mjini, na huyo haandiki barua kwa mhariri kwa sababu hana hata bili ya kulalamikia. Iandikieni mamlaka mkieleza kwamba mita hiyo inahudumia kaya nne, na mwombeni mwenye nyumba akubali maunganisho ya pili. Kama hampati jibu, njia iko mwishoni mwa safu hii.

Kwetu maji hutoka mara mbili kwa wiki. Kabla hayajatoka, bomba hupuliza upepo na mita inazunguka. Je, tunalipia upepo?
*Msomaji, Ipuli*

Inawezekana, ndiyo. Bomba linapokaa tupu hujaa hewa, na maji yanaporudi huisukuma hewa hiyo mbele yake. Mita nyingi za nyumbani huhesabu kwa kuzungushwa na kinachopita, nazo hazina njia ya kutambua kama kilichopita ni maji au ni upepo. Fungeni koki karibu na mita siku za mgawo, msizifungue mpaka msikie maji yamefika kwa nguvu. Mamlaka nayo ina wajibu wa kuweka valvu za kutolea hewa kwenye mabomba yake makubwa, hasa sehemu za miinuko. Andikeni siku na saa za mgawo, kwa sababu mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki una hoja nzito ya kutoa wakati bei inapojadiliwa.

Nyumba yangu ya kulala wageni imeunganishwa na mtandao wa majitaka. Nina bustani ya mchicha na miche ya miembe ninayomwagilia kila jioni. Ada ya majitaka inapanda kila ninapomwagilia. Mchicha wangu unaingiaje kwenye bomba la majitaka?
*Mfanyabiashara, Gongoni*

Hauingii, na hoja yako ni ya haki. Majitaka hayana mita nyumbani kwa mtu, kwa hiyo hukadiriwa kutokana na maji safi yaliyoingia. Wahandisi kwa kawaida huchukulia kwamba takribani asilimia 80 ya maji yaliyoingia nyumbani hurudi kama majitaka, na inayobaki hunywewa, hupikiwa au humwagwa ardhini. Kwa mwenye bustani kubwa makadirio hayo yanamwonea. Omba maunganisho ya pekee kwa ajili ya bustani, yenye mita yake, ili maji yake yasihesabiwe ada ya majitaka. Gharama ya kuunganisha ni ya mara moja, na kwa nyumba ya wageni itarudi.

Ila usione ada hiyo kuwa haina kazi. Majitaka yanayotoka kwako huishia kwenye mabwawa ya kutibu, ambako hupita bwawa moja baada ya jingine mpaka vijidudu vife na maji yafae kurudi mtoni. Mabwawa hujaa tope na lazima yazolewe. Tukiacha kuyalipia, uchafu unarudi kwetu, na Tabora bado kuna kaya nyingi zinazotumia visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono, vingine hatua chache tu kutoka chooni.

Kwa msomaji ambaye nyumba yake ina shimo lake na haikuunganishwa na mtandao, lakini bado anaona mstari wa ada ya majitaka kwenye bili, auulizie kwa maandishi mara moja. Yeye tayari hulipa gari la kunyonya shimo likijaa, na haifai alipe mara mbili.

Huku kwetu tumo katika mradi wa miji 28. Watu wanasema maji yakifika tutalipishwa deni la India kwenye bili. Ni kweli?
*Mwalimu, Urambo*

Mwalimu, mkopo kutoka India wa mradi wa kupeleka maji katika miji 28, ambao ni Dola za Marekani milioni 500, ulichukuliwa na Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na anayedaiwa ni Serikali. Bei ya maji kwa kawaida hupangwa ili kufidia uendeshaji: umeme, dawa, mishahara, matengenezo, na kwa upande wenu, ununuzi wa maji kwa jumla. Kwa hiyo hamtaona mstari wa deni kwenye bili. Lakini sitakudanganya kwamba hamlipi. Mlipakodi hulipa, na tangu mwaka wa fedha 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli hukatwa Shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Maji, kwa hiyo hata anayepanda bodaboda kwenda gulioni amechangia bomba ambalo huenda halijamfikia.

Jambo la kuangalia Urambo ni jingine. Maji yenu yatakuwa yamesafiri mbali kuliko hata ya Tabora mjini, na wateja wa kugawana gharama ni wachache. Mji mdogo wenye bomba refu una kila sababu ya kuwa na bei kubwa. Ulizeni mapema, kabla ya koki ya kwanza kufunguliwa, Serikali itaendelea kuchangia umeme kwa muda gani. Majibu ya namna hiyo hupatikana kwa urahisi mradi ukiwa bado unajengwa, na huwa magumu baada ya utepe kukatwa.

Nimeona tangazo la mkutano wa taftishi kuhusu bei mpya za maji. Mimi ni fundi baiskeli, sikusoma sana. Nikienda nitasema nini mbele ya wahandisi na mawakili? Na je, wakishaamua kupandisha, kuna pa kwenda?
*Fundi, Kanyenye*

Ndugu fundi, barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu zote zilizotangulia zinaishia kwako.

Mamlaka ya maji haiwezi kujipandishia bei yenyewe. Huandaa mpango wake wa biashara, mara nyingi wa miaka mitatu, na kupeleka ombi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inaitaka EWURA ifanye taftishi kabla ya kuamua bei, na taftishi maana yake ni kwamba mlipaji naye asikilizwe. Bei ikishapitishwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na baada ya hapo kumfokea msoma mita mlangoni ni kumwonea kijana ambaye hakuwepo ilipoamuliwa. Inanisikitisha kwamba ukumbi wa taftishi mara nyingi huwa na viti vitupu, na mwezi bei mpya inapoanza dirisha la malalamiko huwa na foleni hadi nje.

Mkutano huendeshwa kwa Kiswahili, na huhitaji kusema kama wakili. Nenda na bili zako za mwaka mzima. Nenda pia na daftari ulimoandika siku ambazo maji yalitoka na siku ambazo hayakutoka. Wahandisi watakuja na wastani wa mji mzima, na huwezi kubishana na wastani wao, lakini wao nao hawawezi kubishana na daftari la Kanyenye. Waulize katika kila uniti 100 walizonunua au kuzalisha ni ngapi ziliuzwa, na katika mpango wa bei uliopita waliahidi zingekuwa ngapi. Waulize bomba lililopasuka hukaa siku ngapi. Waulize taasisi kubwa zinazodaiwa zimelipa kiasi gani, maana mara nyingi deni sugu halipo kwa fundi baiskeli. Na uulize kaya zinazotumia mita moja zitalindwaje. Ukiona hofu ya kusimama, yaandike hayo yote, uyapeleke kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hauko peke yako pale. Kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lililoundwa ili kumsemea mtumiaji. Lipe maoni yako kabla ya siku ya mkutano, kwa sababu nalo huandaa hoja zake.

Kuhusu pa kwenda, njia ina ngazi zake. Lalamiko la bili lianzie kwa mamlaka ya maji yenyewe, kwa maandishi, likieleza kiasi unachokibishia na kiasi unachokubali kulipa, na hicho unachokubali ukilipe ili usikatiwe kwa deni. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, peleka lalamiko EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Magharibi, ukiambatisha nakala ya barua ya kwanza. Usipoambatisha, utarudishwa ngazi ya chini uanze upya. Na uamuzi wa EWURA, hata ule wa bei, unaweza kukatiwa rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Huko muda wa kukata rufaa ni mfupi, kwa hiyo siku utakayopokea uamuzi, andika tarehe juu ya bahasha.